Ngazi za Diani: Wakuluzu tangu 1997

Anayeshuka kutoka Ukunda kwenda Diani hufika mahali barabara inapokwisha kwenye njia panda. Bahari iko mbele yake, lakini haioni, imezibwa na kuta za hoteli na miti. Akishika kushoto atafika mto Mwachema na msikiti wa kale wa Kongo. Akishika kulia atapita hoteli, maduka, benki na nyumba za kukodi mpaka Galu, na baada ya hapo Kinondo. Njiani, akiinua macho, ataona ngazi zimelazwa hewani, zimetoka mti wa upande huu hadi mti wa upande ule, juu kuliko basi na juu kuliko lori la mchanga. Mgeni huzidhania nyaya zilizoachwa na mafundi. Mtoto wa Diani atamwambia ni madaraja ya mbega, na kama ana bahati atamwonyesha mbega mwenyewe akivuka.

Ngazi hizo ndizo kazi inayojulikana zaidi ya Wakuluzu, shirika lililoanzishwa Diani mwaka 1997. Jina walilichukua kwa Wadigo, ambao humwita mbega kuluzu, wakaongeza kwamba wao ni marafiki wake. Siku hizi kibao kinasomeka Colobus Conservation, na hilo ndilo jina linalotumika katika barua na tafiti. Wazee wa mtaa bado wanasema Wakuluzu, nami nitawafuata wao.

Shirika linaelekea miaka 30. Katika umri huo taasisi nyingi huandikiwa historia ya wenyeviti na mikutano. Ya Wakuluzu naona haitaandikika hivyo, kwa sababu kilichoamua mambo yake tangu mwanzo ni vitu viwili visivyohudhuria mkutano: barabara ya lami na nyaya za stima. Ukijua lami ilileta nini na nyaya zilileta nini, utajua kwa nini watu walijitolea, walijitolea kufanya nini, na kwa nini kazi haijaisha.

Tuanze na mnyama. Mbega wa Pwani Kusini ni yule mweusi mwenye mashungi meupe usoni na mabegani, na mkia mrefu unaoishia kwa weupe. Kidole gumba hana, na kiganja chake ni kama kulabu ya kunasia tawi. Chakula chake ni majani zaidi ya kitu kingine, na tumbo lake limegawanyika vyumba, ndani yake vijidudu huchachusha majani polepole. Ndiyo maana utamwona amekaa saa nyingi bila kufanya lolote; watu husema ni mvivu, kumbe anameng'enya. Mtoto huzaliwa mweupe pepepe, akageuka rangi katika miezi michache ya mwanzo, na majike wa kundi humpokezana na mama yake. Hapa Diani mbega ana majirani watatu wa mchana, nao ni kima, tumbili na nyani, na wa usiku ni komba. Hao wa mchana hula karibu kila kitu, hata chapati iliyo mbele ya mtalii. Mbega hana haja na chapati. Haja yake ni mti, kisha mti mwingine, na njia ya kutoka huu kwenda ule bila kukanyaga chini.

Msitu alioishi humo ulikuwa mmoja, umeota juu ya mawe ya matumbawe ya kale kutoka ufukweni kuelekea bara. Hoteli zilipoanza kupangwa kando ya bahari, barabara ikapasua msitu ule kwa urefu wake. Mbega akawa na chakula upande wa bahari na mahali pa kulala upande wa bara, au kinyume chake, na katikati lami. Mwanzoni matawi yaliweza kukutana juu ya njia. Barabara ilipopanuliwa na kufyekwa kando, yakaachana. Mbega aliyelazimika kushuka huvuka kwa kurukaruka, amebeba mkia mrefu ambao ardhini haumsaidii kitu, na dereva wa matatu anayewahi abiria wa Ukunda hana muda wa kumsubiri.

Mwaka 1997 haukuwa mwaka wa kuanzisha jambo huku kwetu. Tarehe 13 Agosti kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na ghasia zilizofuata ziliua watu na kuwafukuza maelfu kutoka makwao. Watalii walivunja safari, hoteli zikabaki tupu, vijana waliokuwa jikoni na vyumbani wakarudi nyumbani mikono mitupu. Mwisho wa mwaka zikaja mvua za El Niño, zikakata barabara na madaraja. Mtu aliyeuliza ni nani mwenye nafasi ya kumlilia mbega mwaka huo hakuwa na roho mbaya. Lakini kilio kilikuwapo, na kilitoka kwa wakazi wa Diani waliopita barabara ile kila siku na kuikuta mizoga. Walikuwamo wenyeji, Wazungu waliohamia, watu wa hoteli na wapenda wanyama wa kila namna. Hawakuwa na sheria mpya mkononi wala fedha za kutosha. Walikuwa na barabara waliyoijua kwa majina ya makona yake.

Tena hawakuwa peke yao katika Kwale ya wakati ule, na jambo hili halisemwi vya kutosha. Mwaka 1992 serikali ilianza kutangaza makaya, misitu mitakatifu ya Mijikenda, kuwa kumbukumbu za taifa, na Makumbusho ya Taifa yakafungua kitengo cha misitu ya pwani, kikaweka ofisi Ukunda. Mwaka 1995 wakulima wa Mwaluganje waliyaacha mashamba yao yawe hifadhi ya ndovu, kwa makubaliano ya kulipwa kutokana na wageni. Mwaka 1997 ni Wakuluzu. Mwaka 2001 watu wa Kinondo waliufungua msitu wa kaya yao kwa wageni, kwa masharti yao wenyewe. Miaka kumi, taasisi nne, wilaya moja. Sababu ni kwamba ardhi ya Kwale ilikuwa ikigawanywa mbio mbio, na viwanja vya ufuoni vilikuwa vikibadilisha wenyewe kwenye makaratasi kabla jirani hajajua. Hata kisiwa cha Chale, ambacho ni kaya, kilijengwa hoteli. Aliyetaka kubakisha kitu alijua asingoje.

Basi wakafunga ngazi.

Wazo lenyewe ni jepesi, mtu angeona aibu kuliita uvumbuzi: kama matawi hayakutani tena, yakutanishe kwa kitu kingine. Ngazi hutengenezwa kwa nyaya mbili za chuma zinazokwenda sambamba, na kati yao vipingo vilivyovikwa mabomba ya plastiki. Ncha zake hufungwa kwenye miti mikubwa ya pande mbili. Ikilegea, hubembea, na mnyama huikataa. Ikikazwa mno, kusi ikivuma miti hupepea na kuivuta mpaka kitu kikatike. Ikifungwa chini, lori lenye mzigo wa juu litaichukua. Ikifungwa mahali pazuri machoni pa binadamu lakini si pale mbega wenyewe walipozoea kuvukia, itakaa bure. Kwa hiyo kabla ya kupanda mti na nyundo, mtu hukaa chini ya mti na daftari, siku nyingi, akiandika kundi gani lilivukia wapi na saa ngapi.

Leo ngazi hizo zimefika zipatazo 30. Mbega wanazitumia, kima wanazitumia, tumbili nao. Nyani, mwenye miguu ya kutembea chini na kiburi cha kutosha, huvuka lami kama mwenye barabara. Andrea Donaldson na Pamela Cunneyworth waliokuwa wakiliongoza shirika waliandika habari za madaraja haya katika kitabu cha kimataifa cha elimu ya barabara na mazingira kilichotoka 2015, na tangu hapo wahandisi wa nchi nyingine huitaja Diani wanapotafuta mfano wa Afrika.

Kinachosahauliwa na wanaotaja mfano huo ni utunzaji. Chumvi ya bahari hula chuma. Plastiki iliyopigwa na jua la Diani hukauka na kupasuka. Mti ulioshika ncha ya ngazi hunenepa na kumeza fundo, au hufa, au mwenye kiwanja huukata bila habari. Tawi hukua na kuziba mdomo wa daraja. Kila ngazi inataka mtu wa kuipanda, kuikagua, kubadilisha vipingo, na kusimamisha magari wakati huo huku dereva wa tuktuk akimuuliza kama anatengeneza laini ya Safaricom. Ni kazi isiyo na picha nzuri. Kama ningeulizwa taasisi hii imedumu kwa nini, ningejibu kwamba imedumu kwa sababu walikuwapo watu waliokubali kuifanya kazi hii mara ya pili, na ya kumi, baada ya sherehe ya daraja la kwanza kusahauliwa.

Ng'ambo ya maji, Unguja, walikuwa na taabu hiyohiyo na wakachagua njia nyingine. Barabara ya kwenda kusini inapita kando ya msitu wa Jozani, nyumbani kwa kima punju, na magari yalikuwa yakiwaua. Huko yaliwekwa matuta barabarani katika miaka ya tisini, na vifo vikapungua sana. Tuta halihitaji kupandwa wala kukazwa, na kima hahitaji kufundishwa. Lakini tuta linamtaka dereva apunguze mwendo, na barabara ya Diani ni ya hoteli, teksi za uwanja wa ndege na malori ya ujenzi, kila mmoja na sauti yake ofisini. Mimi ningetaka vyote viwili. Barabara yetu ina matuta pia, ila mengi yamewekwa kwa ajili ya lango la hoteli, si kwa ajili ya msitu.

Stima ndiyo sura ya pili ya historia hii, na ni chungu zaidi kwa sababu inaua bila kelele. Nyaya zilipita palepale kando ya barabara, ndani ya matawi, nyingi zikiwa wazi bila gamba. Mbega mwenye mikono mirefu akishika waya mmoja huku mguu au mkia ukigusa wa pili, amekwisha. Wengine hawafi hapohapo. Huungua mkono, hudondoka, na kundi hubaki juu likitazama. Simu za dharura zinazopigiwa Wakuluzu nyingi ni za namna hii: mlinzi wa lango ameona mnyama chini ya nguzo, mpishi amesikia mlipuko kwenye transfoma. Watu hutoka na boksi na glavu, usiku au mchana, kumchukua aliyejeruhiwa na kumpeleka kwenye zahanati yao ndogo ya wanyama.

Dawa za stima zilikuwa mbili. Ya kwanza ni panga na msumeno: kukata matawi yanayokaribia nyaya, mti kwa mti, kiwanja kwa kiwanja, kwa ruhusa ya mwenye kiwanja, na kurudi baada ya mvua za masika kwa sababu matawi nayo yana haraka. Ya pili ni kuzivika nyaya gamba, jambo linalotaka kampuni ya umeme ikubali, ilete fundi na izime laini. Hilo lilichukua miaka ya barua, vikao na orodha za vifo zilizoandikwa kwa tarehe na namba ya nguzo. Ni orodha zile zilizofanya kazi. Mwenye shirika la umeme husikia vizuri zaidi ukimwambia nguzo fulani imeua mara ngapi kuliko ukimwambia mbega ni mzuri.

Nimefika sasa kwenye watu, na hapa lazima niseme wazi kwamba neno kujitolea lina sura mbili Diani. Iko ya mtu aliyetoka Uingereza, Ujerumani au Marekani, anayelipia chumba na chakula chake, akae wiki kadhaa au miezi, alfajiri akate majani ya kulisha wagonjwa, mchana aongoze wageni kwenye njia fupi ya msituni, jioni aandike alichoona. Ada yake ndiyo imelipa sehemu kubwa ya kazi. Iko pia ya kijana wa Ukunda, Mwabungo au Msambweni anayekuja kwa mafunzo ya chuo, au kwa sababu amemaliza kidato cha nne na hana pa kwenda, au kwa sababu babake aliijua misitu hii. Huyu hana ada. Ana miguu, ana majina ya miti, na anajua nyumba ipi ina mbwa mkali.

Bila wa kwanza, fedha isingetosha. Bila wa pili, mgeni angepotea umbali wa hatua mia kutoka barabarani, kwa kuwa msitu wa matumbawe hauna upole: mawe yake ni makali kama chupa iliyovunjika, mashimo yake yamefunikwa na majani, na upupu unasubiri mkono ulio wazi. Historia nyingi za mashirika ya namna hii huandikwa kwa majina ya kundi la kwanza tu. Mimi nina shaka kwamba hata hii, ikiandikwa kikamilifu, itawakuta wale wapanda miti waliofunga fundo kwa mikono yao.

Nairobi kiko chama kikongwe kinachofanana na hiki kwa tabia, Mountain Club of Kenya, kilichoanza 1949. Wanachama wake walijenga vibanda vya kulala juu ya Mlima Kenya, wakabeba mabati na mbao kwa mabega, wakawaokoa waliokwama kwenye mwamba. Huko nako anayejiunga huvutiwa na kilele, kisha hugundua kwamba chama kinamhitaji apige rangi kibanda. Tofauti ni kwamba mpanda mlima hupata kilele chake mwishowe. Huku Diani hakuna kilele. Sehemu ya juu kabisa utakayofika ni uma wa mti ulio juu ya lami, umeshika koleo.

Matembezi hata hivyo yapo, na ndiyo yanayowavuta vijana wengi. Kuna aina mbili zinazofaa kuelezwa.

Moja ni kuhesabu. Kila mwaka Diani huhesabiwa: watu hugawanywa makundi, kila kundi hupewa kipande chake, na wote huingia wakati mmoja ili familia moja ya mbega isihesabiwe mara mbili kwa kuvuka mpaka. Unatembea polepole, unasimama, unasikiliza. Mbega hutangaza mahali alipo kwa ngurumo ya koo asubuhi mapema, na tawi linalotikisika bila upepo hukuambia mengine. Ukiwaona, unaandika madume wangapi, majike wangapi, wadogo wangapi, wachanga weupe wangapi. Anayehesabu kwa mara ya kwanza huandika wengi kupita kiasi, kwa furaha. Mzoefu huandika wachache na kurudi kuhakikisha.

Hesabu ya Diani ina maana kwa sababu ya hesabu kubwa iliyofanywa na Julie Anderson wilayani Kwale kote mwanzoni mwa miaka ya 2000. Alipita vipande 124 vya msitu, akawakuta mbega katika 55 tu, na makadirio yake kwa Kenya nzima yalikuwa kati ya mbega 3,100 na 5,000. Yaani, karibu wote wako Kwale. Mtu wa Nairobi anaweza kumwona mbega wa Mlima Kenya na kudhani ni yuleyule; huyu wetu ni aina nyingine, na akiondoka Kwale hapa nchini hakuna pengine pa kumtafuta. Vipande 69 vilivyokuwa tupu vinanisumbua kuliko idadi yenyewe. Ni msitu uliosimama, una majani, una kivuli, ila wenyewe hawamo, kwa kuwa kutoka kipande hadi kipande kuna mashamba ya mihogo na mikorosho na hakuna ngazi ndefu hivyo.

Aina ya pili ya matembezi ni ya kutoa mitego. Waya wa baiskeli au wa breki hufungwa kitanzi kwenye njia ya paa au funo, na hauchagui anayeingia. Kundi huingia msituni limepanga mstari, macho chini, na kila kitanzi kinachopatikana hukatwa na kuandikwa. Hii nayo inataka adabu. Aliyetega mara nyingi si jangili wa sinema; ni baba wa nyumba ya jirani anayetafuta kitoweo. Vijana wa hapa wanajua kuongea naye. Shirika lenyewe hufanya kazi chini ya ruhusa ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kwa maana mnyama wa porini Kenya si mali ya anayempenda.

Matembezi haya yakifika kwenye kaya, masharti hubadilika. Kaya Kinondo ina takriban hekta 30, na mgeni haingii ila amejifunga kaniki kiunoni, ameongozwa na mtu wa pale, na ameahidi kutotoa hata jani. Mwaka 2008 UNESCO iliyaingiza makaya ya Mijikenda kwenye orodha ya urithi wa dunia, maeneo 10 yaliyotandaa kwa takriban kilomita 200 za pwani, na Kinondo imo. Mbega wamo pia. Hawakuletwa na mradi. Wamelindwa na katazo la wazee tangu kabla ya kuwapo neno mradi. Anayetaka kujua Wakuluzu ingekuwaje kama ingeanza miaka 300 mapema, aende Kinondo akaangalie ukubwa wa mibambakofi.

Yapo malalamiko, na kumbukumbu isiyoyataja ni tangazo tu. Mkulima wa Mwabungo aliyepanda mahindi akaamka akakuta nyani wamekula robo haoni kwa nini kuna watu wanaokimbia usiku kumwokoa nyani huyohuyo. Mwenye hoteli anataka tumbili kwenye picha lakini si kwenye bufee. Wageni huwalisha ndizi, wanyama huzoea, kisha wanyama hulaumiwa. Na mbega, ambaye hagusi mahindi, hubeba sifa mbaya ya jamaa zake. Wakuluzu wamejaribu mengi: kufundisha shuleni, kuwashawishi wenye hoteli wafunike majaa, kuonyesha namna ya kulinda jiko na shamba. Sidhani wamewaridhisha wakulima, na sioni jinsi shirika la ukubwa huu lingeweza. Jambo la fidia na mipaka ya mashamba ni la serikali ya kaunti na ya taifa.

Kuna pia wanaouliza kwa nini wafadhili hutoa fedha kwa mbega na si kwa zahanati ya kijiji. Jibu zuri zaidi nililoliona haliko Diani, liko Gazi, mwendo wa nusu saa kuelekea Msambweni. Kule, tangu 2013, mradi wa Mikoko Pamoja unalinda hekta 117 za mikoko, unauza hewa ya ukaa, na fedha inaingia kwenye maji ya bomba na shule za Gazi na Makongeni. Mwaka 2017 walipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Mwanakijiji wa Gazi anaweza kuonyesha bomba na kusema hili limeletwa na mikoko. Wa Ukunda hana bomba la kuonyesha lililoletwa na mbega. Ana ajira chache, ada za vijana wanaoongoza wageni, na miti ya kienyeji iliyopandwa kutoka kitaluni. Ni kitu, lakini si bomba, na miaka 30 ijayo ingefaa itumike kuziba pengo hilo.

Machi 2020 ndege za kimataifa zilisimama kwa ajili ya korona, na shirika linaloendeshwa kwa ada za wageni likajikuta bila wageni. Agosti ndege zilirudi, watu hawakurudi upesi. Wanyama waliendelea kuungua na ngazi ziliendelea kuliwa na chumvi. Kipindi kile kazi ilibebwa na watu wa hapahapa, waajiriwa na vijana wanaoishi mwendo wa bodaboda kutoka langoni. Wapo waliodhani sehemu hii ya historia ni pengo. Mimi naiona ndiyo iliyothibitisha kwamba taasisi ina mizizi Ukunda na si London.

Yanayokuja hayahitaji utabiri mkubwa. Barabara ya Dongo Kundu imeungana na ile ya Likoni hadi Lunga Lunga, na tangu 2024 gari linatoka Mombasa bara hadi Kwale bila kungoja feri. Ni nafuu kubwa kwa mgonjwa, kwa mfanyabiashara, na kwa yeyote aliyewahi kukaa saa mbili Likoni na barafu ya samaki ikiyeyuka. Pia ni magari zaidi Diani mwisho wa wiki, na viwanja zaidi vinavyofyekwa upande wa bara, pale ambapo zamani ulikuwa msitu wa kulala mbega. Nyumba mpya huvutiwa laini mpya ya stima, na laini mpya hupita kwenye miti ambayo hakuna aliyewahi kuikagua. Orodha ya nguzo imeanza upya.

Wanaojiunga mwaka huu watapewa kazi hiyo: kutembea upande wa bara wa barabara, kiwanja kwa kiwanja, wakiandika miti mikubwa iliyobaki, nani ni mwenyewe, laini inapita wapi, na mbega wanavukia wapi. Ngazi zaidi zitafungwa, lakini ngazi inataka mti mkubwa kila upande, na mti huo ukishakatwa hakuna nguzo ya chuma ambayo mbega ameipokea kwa hiari hiyohiyo. Kwa hiyo barua zinazoandikwa sasa huenda kwa wenye viwanja kabla ya kwenda kwa mafundi wa ngazi, zikiomba mbambakofi au mkwaju mmoja uachwe kwenye mpaka wa ua. Baadhi hukubali. Kijana anayeombwa kupeleka barua hizo avae suruali ndefu na viatu vilivyofunika vidole, abebe maji, na asiende nyumba yenye mbwa bila kupiga hodi kutoka nje ya geti.